Kumkamata na Kumfunga Nguruwe Aliyetoroka kwa Msaada wa Mbwa: Mwongozo kwa Wafugaji wa Kandokando ya Ziwa Victoria

Nguruwe wa kufugwa akikaa nje ya banda kwa majuma kadhaa hurudia ukali wa asili yake kwa haraka inayowashangaza wafugaji wengi. Katika vijiji vya Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe, mkoani Mwanza, Tanzania, ambako mashamba ya mihogo na viazi vitamu huteremka hadi kwenye matete ya ziwa, mnyama huyo hupata chakula, maji na maficho mahali pamoja, na hana sababu ya kurudi nyumbani. Akiwa dume aliyeota chonge, haitwi tena kwa ndoo ya pumba. Hapo ndipo vijana wa kijiji hukusanya mbwa na kamba, na hapo pia ndipo watu hupasuliwa mapaja, mbwa hutobolewa matumbo, na nguruwe mwenyewe hufia mikononi mwa wakamataji kwa joto. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo bila madhara hayo, na msimamo wake ni mmoja: mbwa wapo ili kumsimamisha nguruwe, wala si kumshika, na hatari kubwa zaidi iko katika dakika chache za kumlaza na zile za kumfungua.

Mbinu ya mbwa na kamba imeendelezwa zaidi na wawindaji wa Marekani, Australia na New Zealand. Nguruwe wa porini wa nchi hizo ni kizazi cha nguruwe waliopelekwa na wageni wakatoroka au wakaachiliwa; Mhispania Hernando de Soto, kwa mfano, aliwateremsha nguruwe Florida mwaka 1539. Kwa sababu hiyo uzoefu wao unatufaa tunapomtafuta nguruwe wetu aliyetoroka, lakini hautufai hata kidogo kwa nguruwe pori wa Afrika, ambaye ni mnyama wa jamii nyingine na ambaye kisheria si wetu.

Kwanza, hakikisha ni nguruwe wa nani

Kabla ya kumfungulia mbwa yeyote, ni lazima mjue kwa yakini mnamfuata mnyama gani. Nguruwe pori ana manyoya marefu yaliyochakaa, singa zinazosimama mgongoni, uso mrefu na vishungi vya nywele kwenye ncha za masikio, na watoto wake huwa na milia. Ngiri ana vinundu usoni na hukimbia mkia ukiwa umesimama wima. Nguruwe wa kufugwa, hata akikonda na kuchafuka, ana manyoya machache yanayoacha ngozi ionekane, na watoto wake hawana milia. Nyayo peke yake hazitoshi kuwatofautisha, hasa kwenye tope la ufukweni, kwa hiyo subirini mpaka mtu mmoja wa kuaminika amwone mnyama mwenyewe.

Ikiwa ni nguruwe pori au ngiri, kazi yenu imekwisha, na hatua inayofuata ni kumjulisha afisa wanyamapori kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka kila anayewinda awe na kibali, na uharibifu wa mihogo yako hauwi kibali. Wanaoishi upande wa Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inakaribia ziwa, wanapaswa kuwa waangalifu maradufu, kwa kuwa huko si jambo geni mbwa wa kijiji kuanza na nyayo za mfugo na kumalizia kwenye nyayo za ngiri. Ikiwa ni nguruwe wa jirani, mwenye mali awepo au atoe ruhusa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenye shamba mtakalopita naye aombwe mapema, kwa sababu watu wanne na mbwa watatu wanaweza kuharibu matuta ya viazi kuliko nguruwe aliyewaleta.

Jaribuni njia ya chakula kabla ya njia ya kamba

Ninalitaja hili mapema kwa makusudi, kwa kuwa vijana wengi hulipita haraka wakitamani msako. Nguruwe huzoea mahali pa chakula. Mkiweka machicha ya pombe au pumba iliyolowekwa mahali pamoja kila jioni, kisha mkajenga ua wa miti taratibu kulizunguka eneo hilo, upande mmoja kwa siku, wengi wao huingia wenyewe, na mlango ukafungwa bila mtu yeyote kuguswa. Njia hiyo inahitaji subira ya wiki moja au mbili na gharama yake ni ndogo. Mbwa na kamba vibaki kwa dume aliyegoma kabisa, au kwa mnyama ambaye kila usiku anaoongezwa unamgharimu mtu shamba lake.

Watu, vifaa na saa ya kuanza

Watu wanne wanatosha, na kila mmoja awe na kazi moja tu. Wa kwanza ni mwenye mbwa, ambaye sauti yake mbwa wanaijua. Wa pili ni mkamataji, atakayeshika miguu ya nyuma. Wa tatu ni mfungaji, anayebeba kamba. Wa nne anabeba ubao na ndiye msemaji, yaani yeye peke yake ndiye anayesema "shika", "funga" au "acha". Watoto na watazamaji wabaki nyumbani. Tukumbuke pia kwamba katika vijiji vya ziwa tunaishi na majirani Waislamu: usimwombe jirani kushika kamba ya nguruwe wala usimpakie mnyama huyo kwenye mtumbwi wake kabla ya kumuuliza kwa heshima, maana hata akikubali kwa aibu, utakuwa umemtia katika jambo lisilompendeza.

Kamba iwe ya pamba iliyosokotwa au ya katani iliyolainishwa, yenye unene wa milimita 10 hadi 12, ikatwe vipande vinne vya mita mbili mbili. Kamba nyembamba ya manila inayouzwa kwa wavuvi haifai, kwa sababu huteleza ikilowa na hukata ngozi ikikazwa. Vipande vya tyubu ya baiskeli navyo vina wapenzi wengi huku kwetu, lakini mpira huendelea kujikaza kila mnyama anapojinyoosha, na baada ya muda mfupi damu haipiti tena mguuni. Ongezeni ubao mwepesi wenye urefu wa mita moja hivi, magunia mawili, madumu mawili ya maji, kisu kikali cha kukatia kamba wakati wa dharura, na kitambaa safi cha kufungia jeraha. Viatu viwe buti za mpira au za ngozi, na suruali iwe nzito. Atakayekuja na kandambili arudishwe nyumbani.

Saa nzuri ni baada ya jua kuchomoza vizuri na kabla ya saa tatu asubuhi. Kuna sababu mbili za kuchagua muda huo. Viboko hula nchi kavu usiku na hurejea majini alfajiri, kwa hiyo anayepita kwenye matete gizani anaweza kukutana na mnyama wa hatari kuliko yule anayemtafuta. Sababu ya pili ni joto: nguruwe hatoi jasho la kutosha kumpoza, na joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 39 hivi za Selsiasi, hivyo kukimbizwa kwa muda mfupi tu chini ya jua la saa sita kunaweza kumuua hata kama hakuna aliyemgusa. Siku yenye jua kali tangu asubuhi, ahirisheni.

Mbwa: wabweke, wasing'ate

Wawindaji wa Marekani hutumia mbwa wa aina mbili. Wapo wanaomtafuta mnyama, kumzunguka na kumbwekea mpaka asimame, na wapo wanaofunguliwa baadaye ili wamng'ate sikio na kumshikilia. Kwa kazi yetu aina ya kwanza inatosha. Mbwa anayeng'ata huumiza mali tunayotaka kuirudisha bandani ikiwa nzima, na yeye mwenyewe hukaa karibu na chonge muda wote wa mapambano, jambo ambalo wenzetu wa ng'ambo hulikabili kwa kuwavika mbwa mikanda mipana ya shingo na fulana nzito za kifua ambazo sisi hatuna. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na nguruwe aliyeraruliwa masikio ni ushahidi usiohitaji maelezo.

Chagueni mbwa wawili au watatu wanaorudi wakiitwa, waliochanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na wanaofahamiana. Mbwa jike anayetaka dume asiletwe, na mbwa mgeni asiongezwe siku hiyo, kwani watapigana wao kwa wao. Mbwa mwenye tabia ya kurukia masikio abaki na kamba shingoni. Wafungulieni upande ambao upepo unatoka kwa nguruwe kuja kwenu, kisha waacheni wamsimamishe. Mnyama aliyesimama huelekeza uso kwa mbwa na hujikinga mgongo kwa kichaka, jabali au shina la mti. Mawe makubwa ya Mwanza huwapa nguruwe kinga hiyo kila mahali. Akiingia ndani ya matete mazito au majini, waiteni mbwa na mwacheni nguruwe. Nguruwe huogelea vizuri, ilhali ninyi hamuoni viboko wala mamba walioko humo, na maji ya kando kando yana kichocho.

Kumlaza

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu makosa mengi hutokea hapa. Chonge za chini za dume hazikomi kukua, na hunolewa kila zinaposuguana na zile za juu. Nguruwe hapigi kwa kusukuma mbele tu, bali hutupa kichwa kutoka chini kwenda juu na kando, na kimo cha pigo hilo kwa mtu mzima ni kati ya goti na paja, mahali ambapo mshipa mkubwa wa damu unapita. Kwa hiyo hakuna anayemkaribia kwa mbele au kwa ubavu wa mabega, na hakuna anayesimama kwenye upenyo pekee alioachiwa mnyama wa kutokea. Mkimkuta amejibana kwenye pembe ya mawe kiasi kwamba nyuma yake hapafikiki, rudisheni mbwa nyuma ili asogee mahali pa wazi, hata kama itawalazimu kuanza upya.

Mbwa wakiwa mbele yake wanabweka, mwenye ubao husogea polepole kutoka upande wa mbwa ili macho ya nguruwe yabaki huko. Mkamataji huja kwa nyuma kabisa, akiwa ameinama na bila kelele, na hushika miguu yote miwili ya nyuma juu kidogo ya vikwato vidogo vilivyo nyuma ya mguu. Kushika mguu mmoja ni hatari kuliko kutoshika, kwani nguruwe huzunguka kwenye mguu huo kama mlango kwenye bawaba, na uso wake humfikia aliyemshika. Akishapata miguu yote miwili, huinua sehemu ya nyuma mpaka kimo cha magoti, na mnyama hupoteza nguvu ya kusukuma. Asimwinue zaidi ya hapo wala asimning'inize.

Kwa neno la msemaji, mkamataji humgeuza nguruwe alale ubavu, na mfungaji huweka goti moja kwenye shingo, nyuma ya sikio, akiwa upande wa mgongo. Upande wa mgongo ndio upande salama. Upande wa tumbo una miguu minne na mdomo. Goti lisikae juu ya mbavu wala tumboni, kwa sababu nguruwe anayehema kwa kasi hufa upesi akibanwa kifua. Mwenye ubao huuegemeza mbele ya mdomo, kisha gunia lililoloweshwa hufunika macho, na mara nyingi kelele hupungua hapo hapo. Wakati huo huo mwenye mbwa huwafunga mbwa wote na kuwapeleka mbali, mahali wasipoonekana. Kamba isitolewe kabla mbwa wa mwisho hajafungwa, maana mbwa anayeona mnyama amelala hujiona ameruhusiwa kung'ata, na mkono wa mtu uko karibu zaidi na meno yake kuliko sikio la nguruwe.

Endapo mnyama ana uzito wa zaidi ya kilo 100, watu wawili wasijaribu kumlaza peke yao. Aongezwe mkamataji wa pili, kila mmoja ashike mguu wake wa nyuma, na waivute pamoja.

Kumfunga

Anzeni na miguu ya nyuma. Kamba ikae kwenye sehemu nyembamba ya mguu, kati ya vikwato vidogo na kiungo cha juu kinachopinda, maana ikikaa chini ya hapo itachomoka na ikikaa kwenye kiungo chenyewe itakichubua. Izungushwe mara tatu kwenye miguu yote miwili pamoja, kisha ipitishwe mara mbili katikati ya miguu ili mizunguko ile ikazwe bila kuminya mfupa, na imalizwe kwa fundo la kitanzi, lile linalofunguka ncha yake ikivutwa mara moja. Ncha hiyo iachwe ndefu, nusu mita au zaidi, kwa sababu wakati wa kumfungua mtashukuru kwa kila sentimita. Kidole kimoja kiweze kupita chini ya kamba. Kisipopita, imekazwa kupita kiasi, na viwili vikipita kwa urahisi, atajifungua.

Miguu ya mbele ifungwe vivyo hivyo, peke yake. Wapo wanaopenda kuikusanya minne pamoja na kupitisha mti ili wambebe begani akiwa anang'inia, na ni kweli kwamba njia hiyo ni nyepesi kwa wabebaji, lakini uzito wote wa mwili huvuta viungo vya miguu, tumbo hubana mapafu, na nguruwe mzito hufika akiwa ameteguka au amekufa. Mlazeni kwenye turubai au machela ya miti, ubavu chini, abebwe na watu wanne.

Mdomo usifungwe. Najua ushauri huu utapingwa na wanaoogopa chonge, na hofu yao ina msingi. Hata hivyo nguruwe aliyechoka hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na kumziba ni kumwondolea njia yake ya mwisho. Ubao na gunia la machoni vinatosha ikiwa kila mtu anabaki upande wa mgongo.

Tangu fundo la mwisho likazwe, mtu mmoja amwangalie kupumua. Kuhema kwa kasi mdomo ukiwa wazi, povu, kutetemeka, au madoa mekundu na ya bluu kwenye ngozi ni dalili kwamba joto limezidi. Mpelekeni kivulini, mlowesheni miguu, masikio na ardhi aliyolalia kwa maji ya kawaida kidogo kidogo, na msimmwagie maji kinywani, kwani yataingia mapafuni. Asipotulia, fungueni miguu ya mbele na kusubiri. Dalili hizo zikiendelea, mwiteni afisa mifugo, na mkumbuke kwamba nguruwe aliyepotea ni hasara ndogo kuliko watu kumkimbiza tena siku hiyo hiyo.

Kumsafirisha na kumfungua

Nusu saa ndiyo muda ambao mimi ningekubali mnyama akae amefungwa. Safari ikiwa ndefu kuliko hiyo, awekwe kwenye tenga imara la miti lenye nafasi ya kusimama, kisha afunguliwe akiwa humo. Guta lenye nyasi kavu chini linafaa. Bodaboda haifai, kwa mnyama wala kwa dereva. Kwa wanaovuka maji, mnyama aliyefungwa miguu hazami polepole mtumbwi ukipinduka, kwa hiyo avushwe ndani ya tenga kwenye kivuko, na akihamishwa nje ya eneo lake pawepo kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo, kama Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inavyotaka.

Kumfungua kunaogopwa kidogo kuliko inavyostahili. Watu wamechoka, wanacheka, mbwa wamerudi, na nguruwe amepata nguvu. Mlazeni ndani ya banda, kichwa kikielekea ndani na mgongo ukielekea mlango. Fungueni miguu ya mbele kwanza, kisha kila mtu atoke isipokuwa mwenye ubao, ambaye husimama mlangoni nyuma ya ubao wake na kuvuta ncha ndefu ya kamba ya miguu ya nyuma kutoka hapo. Gunia la machoni litadondoka lenyewe. Asikimbizwe wala asilishwe mara moja. Apewe maji na kivuli.

Majeraha na ugonjwa

Mtu akipigwa chonge pajani, kandamizeni jeraha kwa kitambaa na msiondoe mkono mpaka mfike kituo cha afya. Majeraha madogo yaoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na chanjo ya pepopunda iulizwe siku hiyo hiyo. Aliyeumwa na mbwa, hata wa nyumbani, aoshe jeraha kwa dakika 15 na aende hospitali. Mbwa wakaguliwe kifuani, kwapani na tumboni kwa vidole, kwani tundu dogo la chonge mara nyingi lina uwazi mkubwa chini ya ngozi.

Nguruwe aliyerudi asichanganywe na wenzake kwa muda wa wiki nne. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, hubebwa na ngiri na nguruwe pori bila wao kuugua, huenezwa pia na kupe na mabaki ya nyama, na haina tiba. Haimwambukizi binadamu, lakini inaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Akionyesha homa, kukataa chakula au wekundu wa masikio na tumbo, asichinjwe kwa haraka ili kuokoa nyama. Afisa mifugo aitwe. Kamba, buti na ubao vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla havijaingia kwenye banda jingine, na tundu alilotorokea lizibwe kabla karantini haijaisha.